Wosia wa Mzaha wa Wahitimu wa Sekondari za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwezi Mei unapokaribia, wanafunzi wa darasa la 12 katika shule nyingi za Marekani huombwa kuandika wosia. Hauhusu nyumba wala shamba, bali kabati la koridoni, jezi iliyochakaa, usingizi wa kipindi cha hesabu na visingizio vya kuchelewa, ambavyo vyote huachiwa wadogo wanaobaki. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wazazi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili ambao wamekutana na desturi hii bila kuelezwa na mtu inatoka wapi wala inaandikwaje.

Wosia huu ni nini hasa?

Ni maandishi mafupi ambamo mhitimu huazima lugha ya wosia wa kisheria na kuitumia kugawa vitu ambavyo hakuna mahakama ingejisumbua kuvigawa. Sekondari ya Marekani kwa kawaida ni ya miaka minne, kuanzia darasa la 9 hadi la 12, kwa hiyo mwandishi huwa na miaka 17 au 18, na warithi wake ni wale wa madarasa matatu ya chini. Katika baadhi ya shule wosia huchapishwa kwenye toleo la mwisho la gazeti la wanafunzi. Katika nyingine huingia kwenye kitabu cha mwaka, yaani kitabu cha picha na kumbukumbu za wanafunzi ambacho shule huchapisha kila mwaka, na mara nyingi husomwa kwa sauti katika chakula cha kuagana cha bendi, kwaya, kikundi cha maigizo au timu ya michezo.

Mwanangu ameleta karatasi iliyoandikwa "wosia wa mwisho". Je, niingiwe na hofu?

Ikiwa karatasi hiyo imetoka shuleni, ina tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha, na ndani yake anamwachia mtu fulani uwezo wa kula piza nne bila kunywa maji, basi hakuna la kuhofia. Ni kweli kwamba wengi wetu tumelelewa kulitamka neno wosia kwa sauti ya chini, na mzazi anayelikuta kwenye mkoba wa mtoto ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, mzaha unaopita karibu na kifo si mgeni kwetu. Aliyekulia Tanzania amewaona watani wakiingia msibani, wakivaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya wafiwa, na hakuna aliyewafukuza. Mhitimu naye anaigiza kifo kidogo: maisha yake ya shule ndiyo yanayokwisha, na yeye mwenyewe yupo, amevaa joho, anasubiri kupigwa picha.

Jambo moja lisichanganywe na mzaha huu. Mtoto anayegawa kwa kweli vitu anavyovipenda, nje ya desturi yoyote ya shule, huku akijitenga na watu, akisema kwamba hana thamani au kwamba ni mzigo kwa wengine, anahitaji kuulizwa waziwazi na kwa upole kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Nchini Marekani msaada hupatikana saa zote kwa kupiga simu au kutuma ujumbe kwenye namba 988, ambayo imekuwa ikifanya kazi nchi nzima tangu Julai 2022.

Desturi hii ilianza lini?

Katika sura yake ya Kimarekani, ilitokana na siku ya darasa, sherehe ambayo wanafunzi wa vyuo kama Harvard na Yale waliifanya katika karne ya 19 siku chache kabla ya mahafali rasmi. Sekondari ziliiga. Ukifungua vitabu vya mwaka vya sekondari vya mwanzoni mwa karne ya 20, utakuta mara kwa mara mambo manne yakifuatana: historia ya darasa, shairi la darasa, utabiri wa nani atakuwa nani baada ya miaka 20, na wosia wa darasa. Wakati huo mwandishi alikuwa darasa zima kwa pamoja. Lilitangaza kwamba lina akili timamu, kisha likawaachia wa darasa la 11 viti vya mbele katika ukumbi wa mikutano, na wa darasa la 9 likawaachia ubichi wao wenyewe, yaani ugeni wao. Pole pole kila mhitimu alipewa mstari wake, na watu wakaanza kurithishana nywele za mawimbi, vishimo vya mashavuni, urefu, majina ya utani na hata wachumba. Mistari mingi ya aina hiyo haituchekeshi leo, kwa kuwa waliojua nywele za nani zilikuwa na mawimbi wamekwisha kuondoka.

Lakini wosia wa mzaha wenyewe ni mkongwe kuliko Marekani, na inapendeza kujua kwamba tangu mwanzo ulikuwa wa wanafunzi. Kuna maandishi ya Kilatini ya karne ya 4 hivi, yanayojulikana kama Wosia wa Nguruwe, ambamo nguruwe aitwaye Grunnius Corocotta anashikwa na mpishi, anaomba apewe saa moja, kisha anaandikisha wosia wake. Manyoya magumu ya mgongoni anawaachia washona viatu, masikio anawaachia viziwi, ulimi anawaachia mawakili na watu wenye maneno mengi, kibofu anawaachia watoto wa kiume, na mkia anawaachia wasichana. Mashahidi ni saba, kama sheria ya Kirumi ilivyotaka, na baadhi yao wana majina yanayonukia mafuta ya nguruwe, bizari na soseji. Mtakatifu Yeronimo, aliyeandika mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa iliyofuata, alilalamika kwamba watoto wa shule walikuwa wakiangua vicheko kwa maandishi haya. Miaka elfu moja baadaye, François Villon, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Paris, alitunga mashairi mawili ya wosia, la kwanza mwaka 1456 na la pili mwaka 1461, akiwagawia marafiki na maadui vitu ambavyo ama havikuwa na thamani au havikuwa vyake.

Sidai kwamba mhariri wa gazeti la shule huko Ohio amemsoma Villon. Ninachosema ni kwamba sheria ya mirathi ina lugha nzito kiasi kwamba kila kizazi cha wanafunzi hukiona upya kichekesho kilichomo.

Je, wosia huu una nguvu kisheria?

Hauna. Wosia wa kweli hudai nia ya kugawa mali baada ya kufa, na katika majimbo karibu yote ya Marekani hudai pia umri wa miaka 18 na, kwa kawaida, mashahidi wawili. Mhitimu aliyeandika kwamba anamwachia mdogo wake gari lake bado ana gari lake, na mdogo wake bado anakwenda kwa basi.

Maneno ya ufunguzi yaweje?

Yafuate lugha ya wosia wa kweli kwa karibu kadiri iwezekanavyo, kwa sababu uzito wa lugha ndio unaoubeba utani. Wosia wa Kiswahili huanza kwa jina kamili, kisha tamko kwamba mtoa wosia ana akili timamu na hakushurutishwa na mtu, kisha tamko kwamba huu ndio wosia wake wa mwisho na kwamba unafuta wosia mwingine wowote uliotangulia. Wa Kiingereza una maungo hayo hayo. Mwandishi mzuri huyaacha yakae mahali pake na kuupachika utani ndani yake bila kuyavunja. Anayeyavunja yote matatu hubaki na tangazo la vichekesho.

Ni nini kinachofanya wosia mmoja uchekeshe na mwingine uchoshe?

Anayewahi kusoma kurasa nne mfululizo za wosia wa wahitimu hugundua kwamba karibu kila mmoja anarithisha uvivu wa mwisho wa mwaka, uwezo wa kulala darasani na kipaji cha kuchelewa. Mambo haya ni ya kweli kwa watu wengi, na hapo ndipo yanapopoteza ladha, kwa kuwa urithi wa kila mtu hauwezi kuwa urithi wa mtu fulani. Anayeandika "ninaacha uwezo wangu wa kulala darasani" hajaacha kitu. Anayeandika "ninaacha kile kiti cha kona katika chumba cha historia, nyuma ya ramani ya Ulaya, ambako mwalimu anaona viatu tu" ameacha mali inayoshikika, na mrithi ataitafuta Septemba.

Kwa maoni yangu, kinachotangulia vyote ni kwamba mtoaji awe amekuwa nacho kweli hicho anachokitoa. Nafasi ya kuegesha gari karibu na mlango, ufunguo wa stoo ya maigizo, zamu ya kupiga ngoma kubwa siku ya mechi, sifa ya kuwa mtu wa mwisho kukimbilia basi: hivi vyote shule nzima inavijua, na kuvitaja tu kunaleta picha. Kisha mrithi awe na sababu ya kukipokea. Ukimwachia mchezaji mfupi wa mpira wa kikapu sentimita zako tano za ziada, kila mtu anaelewa, naye mwenyewe anaweza kucheka ikiwa amezoea kuutania urefu wake mwenyewe. Ukimwachia yule ambaye hulia kwa sababu ya urefu wake, umefanya jambo jingine kabisa. Ndiyo maana inafaa mzaha umlalie mtoaji kuliko mpokeaji. Mhitimu anayejicheka ana ruhusa pana, na anayewacheka wanaobaki anatumia vibaya nafasi ambayo hawawezi kumjibu, maana yeye ameshaondoka na karatasi imeshachapwa.

Mafumbo ya marafiki wawili yanastahili tahadhari ya pekee. "Ninamwachia fulani lile jambo la Jumanne" huwachekesha watu wawili na kuwaacha mia nane wakiwa nje ya mlango. Fumbo moja katika wosia mzima linatosha.

Urefu nao ni sehemu ya ufundi. Magazeti mengi ya shule huweka ukomo wa maneno, na hata yasipouweka, maneno 100 hadi 200 huonyesha ubora ambao maneno 400 yangeuficha.

Naomba mfano.

Huu ni wa mpiga klarineti (ala ya kupuliza) wa kubuni, katika bendi ambayo viti hupangwa kwa ustadi, cha kwanza kikiwa cha aliye bora:

"Mimi, mpiga klarineti wa kiti cha tatu kwa miaka minne mfululizo, nikiwa na akili timamu kwa kadiri ambavyo mitihani ya Mei imeniachia, na bila kushurutishwa na mtu yeyote isipokuwa mhariri anayetaka karatasi hii kabla ya Ijumaa, natamka kuwa huu ndio wosia wangu wa mwisho, na kwamba ninafuta wosia mwingine wowote, ukiwemo ule nilioandika kwa penseli juu ya meza ya maabara.

Kwa dada wa kiti cha nne, ninaachia kiti cha tatu, pamoja na mguu wake mmoja mfupi na karatasi iliyokunjwa mara tano inayouegemeza. Karatasi hiyo ni jaribio langu la kemia, na sharti la urithi huu ni kwamba asiikunjue.

Kwa mdogo wangu wa darasa la 9, ambaye basi humwacha kila Jumatatu, ninaachia visingizio vyangu vyote. Kile cha msiba wa bibi asikitumie, kwa kuwa ofisi ya shule ina kumbukumbu kwamba bibi yangu mmoja amekwisha kufariki mara tatu.

Kwa kaka wa darasa la 11 mwenye njaa isiyokwisha, ninaachia nafasi yangu ya pili katika foleni ya bwalo siku za piza. Nafasi ya kwanza ni ya wacheza mieleka, nami sitaki damu ya mtu shingoni mwangu.

Kwa mwalimu wa bendi, ninarudisha ukimya aliouomba tangu mwaka wa kwanza.

Ninamteua mtunza vyombo kuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu ndiye mwenye funguo."

Anayeaibika katika kila aya ni mwandishi: hakupandishwa kiti kwa miaka minne, alifeli jaribio, alimsingizia bibi kifo, aliwaogopa wacheza mieleka. Warithi wanatoka salama, na wawili wamepata kitu wanachoweza kukitumia mwaka ujao.

Je, walimu wanaweza kuachiwa kitu?

Wanaweza, na mara nyingi hupenda. Urithi wa mwalimu hufaa uwe deni linalolipwa: kalamu zote zilizoazimwa, dakika zilizopotea kwa maswali yasiyohusu somo, au jibu la swali lililoulizwa Oktoba. Kinachopaswa kuepukwa ni sura, mavazi, lafudhi na maisha ya nyumbani ya mwalimu. Lafudhi hasa, kwa kuwa mwalimu mhamiaji ameshasikia mzaha huo mara nyingi kuliko mwandishi anavyodhani.

Je, kuna vitu halisi vinavyorithishwa?

Viko, na kwangu mimi hili ndilo tawi zuri zaidi la desturi hii. Katika vikundi vya maigizo, bendi, kwaya na timu, mhitimu husimama siku ya kuagana na kukabidhi kitu chenyewe: kofia ya ajabu, fulana ya safari ya miaka mingi iliyopita, mwanasesere aliyepoteza jicho, kijiti cha kuongozea bendi. Mara nyingi kitu hicho huwa na majina ya waliokimiliki, yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kitambaa, na mpokeaji huongeza la kwake. Thamani yake sokoni ni sifuri, lakini mtu asiyestahili hapewi, na aliyepewa haruhusiwi kukipoteza. Wanafunzi wa vyuo hufanya hivyo pia, hasa katika vyama vya udugu vya wasichana.

Waliosoma shule za bweni Afrika Mashariki hawatashangaa, kwa kuwa wanakumbuka ndoo, godoro na madaftari yaliyobaki kwa wadogo siku kidato cha nne kilipoondoka. Tofauti ni kwamba kwetu ndoo ilihitajika kweli, na mahafali yenyewe yalikuwa ya risala mbele ya mgeni rasmi, ambamo mzaha haukuwa na kipengele chake.

Shule inaweza kukata au kukataa nilichoandika?

Katika shule ya umma, mara nyingi inaweza, ingawa si kwa sababu yoyote ile. Mwaka 1969, katika shauri la Tinker, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba wanafunzi hawaachi haki yao ya kujieleza kwenye lango la shule. Shauri hilo lilihusu vitambaa vyeusi vya mkononi vya kupinga vita vya Vietnam. Lakini mwaka 1986, katika shauri la Fraser, mahakama hiyo iliunga mkono shule iliyomwadhibu mwanafunzi aliyetoa hotuba yenye maneno ya kuashiria ngono mbele ya mkusanyiko wa wanafunzi, jambo linalowahusu moja kwa moja wanaosoma wosia kwa sauti. Na mwaka 1988, katika shauri la Hazelwood lililotoka Missouri, ambako mkuu wa shule aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi mwaka 1983, majaji waliamua kwa kura 5 dhidi ya 3 kwamba shule inaweza kuhariri gazeti inalolidhamini ikiwa ina sababu halali ya kielimu.

Baadhi ya majimbo yamewapa waandishi wanafunzi ulinzi mkubwa zaidi kwa sheria zao wenyewe. California ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1977. Hata huko, kashfa na matusi ya ngono hayalindwi. Shule za binafsi zina kanuni zao, kwa kuwa Katiba huizuia serikali, wala haimzuii mwenye shule binafsi.

Kwa vitendo, anayeamua ni mwalimu mlezi wa gazeti. Mkabidhi karatasi mapema, na ukubali kwamba atauliza kila fumbo lina maana gani.

Kwa nini baadhi ya shule zimeifuta desturi hii?

Kwa sababu ya mafumbo hayo hayo. Maneno ya ngono, ya pombe na ya bangi hupenya kwa lugha ya vijana ambayo mwalimu wa miaka 50 haijui, na huonekana wakati kitabu cha mwaka kimeshachapwa. Uonevu nao hupenya kwa urahisi, kwa kuwa "ninamwachia fulani kioo" ni sentensi isiyo na neno baya hata moja. Kuna pia malalamiko yasiyohusu matusi: mwenye umaarufu hutajwa katika wosia ishirini, na mwenzake aliyekaa naye dawati moja hatajwi popote. Shule nyingine zimejibu kwa kuruhusu wosia ndani ya vikundi vidogo tu, ambako kila mdogo hupewa mtu wa kumwachia kitu. Nadhani huo ni uamuzi mzuri kuliko kufuta.

Nimehamia shule hii mwaka jana tu na sina marafiki wengi. Niandike nini?

Mwaka mmoja una mali yake. Mgeni huona vitu ambavyo wenyeji wamekwisha kuacha kuviona: mlango unaosukumwa huku umeandikwa "vuta", korido ambayo huwezi kuivuka kwa dakika zilizopangwa baina ya vipindi, jina lako lilivyotamkwa kwa namna saba na walimu sita. Unaweza kumwachia mgeni ajaye, asiyejulikana bado, ramani ya mambo hayo na meza ya bwalo ambako ulikaribishwa kwanza. Wosia wa mrithi asiye na jina unakubalika, na hakuna atakayelalamika kwamba hakutajwa.

Je, ninaweza kuandika kwa Kiswahili?

Muulize mhariri. Wengi hukubali sentensi moja au mbili, mradi mwalimu mlezi apewe tafsiri, kwa sababu hawezi kuchapisha asichokielewa. Ikiwa shule ina wanafunzi wengi wanaokizungumza, kama zilivyo shule kadhaa katika miji iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo, fungu lote la Kiswahili kwa wadogo hao hao litasomwa na kukaririwa. Usitumie Kiswahili kumsema mtu asiyekijua. Atatafsiriwa kabla ya chakula cha mchana.

Nimeachiwa kitu. Natakiwa kufanya nini?

Ikiwa ni kitu cha kushikika, andika jina lako ndani yake na ukitunze hadi zamu yako. Ikiwa ni kiti, kabati au nafasi ya kuegesha gari, hakikisha kwanza kwamba ofisi ya shule haijampa mtu mwingine, kwa kuwa orodha ya ofisi ina nguvu kuliko wosia. Ikiwa ni kisingizio cha kuchelewa, subiri angalau hadi Oktoba, walimu watakapokuwa wamesahau aliyekitumia kabla yako.